Fundi Mapazia Ashindwa Kuchagua Programu ya Video

Shangazi mpendwa,

Kabla hujaitupa barua hii kwenye fungu la ndoa, naomba uisome hadi mwisho, maana najua ukurasa wako umezoea wanawake wenye wanaume wawili na wanaume wenye wake watatu, nami nakuja na wanne kwa mpigo, ila hawa wanne si watu, ni programu za kompyuta za kuhariri video, na nimeshindwa kuchagua moja kiasi kwamba mume wangu amesema afadhali ningekuwa na hawara, kwa sababu hawara angalau jioni hurudi kwao.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nina chumba cha kazi kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na kompyuta ya mtumba niliyoinunua ili nihifadhi vipimo vya madirisha ya wateja, lakini vipimo vimerudi kwenye vipande vya karatasi na kompyuta imejaa harusi za watu na watoto wanaojifunza kutembea. Kupiga video ni starehe yangu tu, hainiingizii hata senti, wengine wanafuga kuku, mimi nasimama juu ya kiti kwenye sherehe za watu nikiwaamrisha wasogee kushoto.

Sasa baba yangu ametimiza miaka themanini. Alikuwa opereta wa simu enzi zile za swichibodi, ule ubao wenye matundu na nyaya, ukipiga simu anapokea yeye kwanza, kisha anachomeka waya na kukuunganisha na unayemtaka, na sifa yake kazini ilikuwa kwamba alimjua mtu kwa pumzi kabla hajasema halo. Masikio yale yale leo yamemtoroka. Kifaa cha kumsaidia kusikia anacho, lakini kinapiga miluzi, basi anakichomeka kwenye mfuko wa shati kama kalamu na maisha yanaendelea.

Siku tuliyomkusanyikia, kaka yangu mkubwa alitoa wazo kwamba badala ya kumletea zawadi za blanketi, kila mtu asimame amwambie baba jambo moja ambalo hajawahi kumwambia, na watu walisema, Shangazi, walisema mpaka mama mmoja mzee aliyefanya naye kazi kwenye swichibodi akatuvunja mbavu, halafu hapo hapo akatutoa machozi, na mimi juu ya kiti changu nikarekodi yote. Baba alikaa mbele akitabasamu. Tukicheka, anacheka, tukipangusa machozi, anatoa leso, na kila msemaji akiketi, baba anamgeukia mama na kumuuliza, "Kasema nini?" na mama, ambaye amechoka kupaza sauti miaka hii yote, anamwinamia sikioni na kumwambia, "Kakusifia." Mtu kaongea mpaka jasho limemtoka, mama anasema, "Kakusifia." Anakuja mwingine, "Naye kakusifia." Tulicheka sana, na hata kwenye video pale ni mahali pa kuchekesha.

Mdomo huponza kichwa. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikaahidi kwamba nitamtengenezea baba video ambayo haijapata kuonekana katika familia hii, na kweli mpaka leo haijaonekana.

Nilianza na programu ya kwanza kwa sababu ni ya bure, na cha bure sisi hatukatai, nikaunganisha kipande kidogo nikakituma kwenye grupu la familia kwa mbwembwe zote, kumbe ukishamaliza kazi programu ile inagonga jina lake kubwa katikati ya picha, nalo likamkaa baba kifuani sawasawa, kaka yangu akaandika, "Hongera baba kwa kupata mdhamini, jezi tunanunua wapi?" na mpaka leo wajukuu wanamwita Nahodha, naye anaitikia bila kujua kwa nini.

Nikasema basi, nitalipa kama watu wenye heshima zao, nikaenda kwa ya pili, hii ni ya kulipia kila mwezi, nzuri mno, Shangazi, ina kila kitu, na kila kitu hicho nilikitumia. Muda wote wa majaribio niliutumia kutengeneza jina la video, herufi zinazozunguka zikitoka kwenye moshi, mume wangu akatazama moshi, akatazama tena moshi, akauliza, "Video yenyewe inaanza lini?" Halafu nikagundua kwamba ina pazia. Naapa sikuitafuta, ilikuwa pale kwenye orodha ya njia za kuvukia kutoka picha moja kwenda nyingine, pazia jekundu linafungwa, picha inabadilika, pazia linafunguliwa, nami ni fundi wa mapazia, ungefanyaje? Niliweka pazia kila mahali. Shangazi yetu mmoja anaanza kusema, pazia, anakohoa, pazia, mume wangu akaomba maji akasema anajisikia kama yuko safarini. Siku za majaribio zikaisha, nikasahau kujitoa, wakaendelea kukata pesa kwenye kadi yangu kimya kimya huku mimi siifungui kabisa kwa hasira.

Ya tatu unainunua mara moja ikawa yako milele, inatumiwa na watu wanaotengeneza filamu hasa, nami nilipoona sifa zake nikajiona nimefika, lakini kompyuta yangu ilipoifungua ilinguruma, ikapata moto, picha ikaganda baba akiwa amefumba jicho moja, ikabidi niipepee kwa ile karatasi ngumu tunayozungushia kitambaa, mteja akaingia akanikuta nampepea mgonjwa wa chuma, akauliza kama arudi siku nyingine. Kuiendesha vizuri nitahitaji kompyuta mpya, maana yake programu ni bei ya kitambaa na kompyuta ni bei ya duka.

Ya nne sina mengi ya kuisemea, ni ya bei ndogo, unanunua mara moja, haina moshi wala pazia, haikuipa taabu kompyuta, lakini kwenye tangazo lake wameandika "kwa wanaoanza", na mimi siyo wa kuanza, nimepiga video za harusi nne, na zaidi kinachosifiwa ndani yake ni kuandika maneno chini ya picha tu, kama mabango ya barabarani.

Tena nikuambie na aibu yangu nyingine. Kwenye kazi yetu hukati kitambaa kikaishia pale pale penye kipimo, unaacha ziada ya pindo juu na chini, kwa sababu kitambaa kikifuliwa kinarudi na dirisha halirudi, na mkono wangu umezoea hivyo, basi kila kipande cha video nimekiachia pindo. Kila mtu katika video yangu anaanza kwa kuvuta kola na kuuliza, "Imewaka?" na anamaliza kwa kunikodolea macho akisema, "Umezima?" Hata mimi mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nilimpa mume wangu simu anirekodi, na kipande hicho nimekihariri kuliko vyote kwa sababu ya kidevu changu, sikujua kwamba ninacho kidevu cha namna ile, na nilichosema hata si kikubwa, nilisema tu kwamba tulipokuwa wadogo baba alikuwa anapiga simu dukani kwa jirani akimaliza zamu, sisi watoto tunagombea mkono wa simu, tunapumua tu bila kusema, naye anataja jina la anayepumua na hakukosea hata siku moja, na kwamba tangu wakati ule sijawahi kuogopa kupotea, kwa sababu nilijua yupo mtu mmoja duniani anayenijua hata nikinyamaza. Basi. Halafu nikasema, "Umezima?"

Kila nikienda kumsalimu baba ananiuliza ile video imefikia wapi, nami nampigia kelele sikioni, "Bado nachagua programu!" anatikisa kichwa. Juzi hakuuliza hivyo. Aliniuliza, "Yule mwenzangu wa swichibodi, siku ile alisema nini?" Nikamwambia kwa nguvu zangu zote, "Utaona mwenyewe, baba, itakuwa na rangi nzuri sana!" Akanitazama, akasema, "Haya. Rangi." Nikaondoka nimefurahi kwamba ana hamu.

Basi, Shangazi, nichague ipi kati ya ya pili na ya tatu, nikizingatia kwamba mimi ni wa kujifurahisha tu, mfuko wangu ni wa fundi, na nataka rangi zitoke vizuri? Naomba usinitaje kwa namna yoyote, maana baba husoma ukurasa wako kabla hata ya habari za serikali, siku hizi anavaa miwani juu ya miwani ili akusome wewe, na siku barua hii itakapotoka nitahakikisha gazeti halimfikii.

Wako katika moshi na mapazia,
Fundi


JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu Fundi,

Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimeenda kunywa maji ndipo nikakaa kukujibu. Niseme mapema kwamba kwenye mambo ya kompyuta mimi ni mbumbumbu. Nikibonyeza kitu kikapotea, naita watu. Kwa hiyo barua yako niliipeleka ghorofa ya chini kwa mama anayehariri video za gazeti hili. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Ya ufundi humu ni yake. Ukali ni wangu wote.

Tuanze na hawa wachumba wako. Ya bure mwache aende. Umeshaona anachotaka, anataka kifua cha baba yako atangazie biashara. Ya pili, ya kila mwezi, ni nzuri kwa mtu anayehariri kila siku na kulipwa kwa kazi hiyo. Wewe una sherehe moja leo na nyingine Mungu akipenda. Nani anapanga nyumba mwaka mzima ili alale humo siku ya sikukuu? Weka gazeti chini sasa hivi, ingia kwenye akaunti yako, jitoe. Nimesema sasa hivi. Nitakusubiri.

Umerudi? Haya. Ya tatu ni ya wakubwa, na mama wa ghorofa ya chini anasema hata yeye anatumia sehemu ndogo tu ya yaliyomo. Programu inayokulazimisha ununue kompyuta mpya si ya bei nafuu, hata wangekupa bure. Kabla ya kununua programu yoyote, anasema, ijaribu kwenye mashine yako mwenyewe, kwa picha zako mwenyewe, tena ufike mpaka mwisho wa kazi, uone inatoa video safi isiyo na mhuri. Usijaribu kwa kutengeneza moshi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitanii tena.

Barua yako ina rangi, ina moshi, ina mapazia, ina kidevu. Mteja akija kwako anataka pazia, unaanza kumuuliza anapenda maua gani? Sidhani. Unamuuliza ni chumba cha nani, analala nani humo, na jua linaingilia wapi. Kwa dirisha la mtu baki unauliza maswali yote hayo. Kwa baba yako umeuliza swali gani?

Baba yako hasikii, mwanangu. Umeniambia mwenyewe, ukaendelea na hadithi. Unamtengenezea mtu asiyesikia video ya watu wanaoongea, na unahangaika na rangi. Utaimaliza, mtakusanyika, mtaiwasha, mtacheka tena, naye atacheka kwa kuwa nyinyi mnacheka, halafu atamgeukia mama yako na kuuliza, "Kasema nini?" Na mama yako unajua atamjibu nini.

Yule mzee amefanya kazi maisha yake yote akiwaunganisha watu wasikilizane. Siku yenu kubwa mmemweka mbele kabisa, penye kiti kizuri, mkamwacha nje ya simu. Sikusemi wewe peke yako. Ndugu zako wote walikuwepo na kaka yako mwenye maneno mengi alikuwepo. Lakini wewe ndiye uliyesimama kuahidi, tena video iko mikononi mwako. Alipokuuliza mwenzake alisema nini, hakuwa anaulizia video. Alikuwa anauliza alisema nini.

Kwa hiyo programu yako ni ile ya nne, ile uliyoiona haikufai kwa sababu ya maneno mawili kwenye tangazo. "Kwa wanaoanza." Na wewe ndiyo kwanza unaanza, Fundi! Una harusi nne na hujamaliza video moja. Ni ya bei ndogo, unanunua mara moja, kompyuta yako inaimudu, na kazi inayojua kuliko zote ni kuandika maneno chini ya picha. Ulikuwa unatafuta nini kingine?

Ukishainunua, fanya hivi. Anza na mama wa swichibodi. Kata pindo zote, "imewaka" na "umezima" ziondoke, video haifuliwi wala hairudi. Kisha keti uandike kila neno lake kwa mkono wako. Zipo programu zinazojitapa kwamba zitakuandikia zenyewe. Mama wa ghorofa ya chini anasema usiziamini, hazijui mnavyoongea nyumbani kwenu. Herufi ziwe kubwa, nyeupe juu ya utepe mweusi, mstari mfupi, na ukae muda wa kutosha mtu mwenye miwani juu ya miwani kuumaliza bila kuhema. Halafu mwite mume wako, zima sauti kabisa, mwonyeshe. Akielewa na kucheka mahali pa kucheka, umefaulu. Na mwombe radhi kwa yale mapazia.

Usisubiri umalize ukoo mzima ndipo umpelekee. Ukimaliza mtu mmoja, peleka mtu mmoja. Masikio yameondoka bila kuaga, na macho usiyape nafasi ya kufanya hivyo hivyo. Kaa pembeni yake, sauti usiweke, rangi iwe itakavyokuwa. Mama yako naye apumzike, amefanya kazi ya ukalimani kwa neno moja miaka yote hii, siyo kosa lake.

Kuhusu kulificha gazeti, usithubutu. Umesema nisikutaje, nami sijui jina lako wala la mtaa wako, kwa hiyo amana yako nimeitunza. Lakini ukurasa huu ni wangu, na yupo msomaji wangu mmoja ambaye nina deni naye tangu nilipoisoma barua yako. Samahani, Fundi, sogea kidogo.

Mzee wa swichibodi, shikamoo. Siku ile watoto wako walipokukusanyikia, binti yako alipewa zamu yake ya kusema, na nina hakika uliambiwa amekusifia. Hakukusifia. Alisema hivi: kwamba walipokuwa wadogo ulikuwa unapiga simu dukani kwa jirani ukimaliza kazi, wao wanapumua tu, nawe unamtaja anayepumua na hukukosea hata siku moja. Akasema tangu wakati ule hajawahi kuogopa kupotea, kwa sababu alijua yupo mtu mmoja duniani anayemjua hata akinyamaza.

Hayo ni ya mmoja tu, Mzee, na wenzake wote nao walisema. Maneno yao anayo yeye, yote, kwenye kompyuta pale juu ya meza ya kukatia. Akija kukusalimu akaanza habari za rangi, mnyooshee mkono umwambie alete.